Ikisiri Iandikwe kwa Msomaji Atakayeishia Hapo

Mwaka 2006 jarida la PLoS Medicine lilisimulia habari za daktari mmoja wa kusini mwa Afrika aliyekuwa akishughulikia kinga ya maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Makala kamili za kisayansi hakuzipata kwa urahisi. Alichotegemea zaidi ni ikisiri zilizowekwa kwenye intaneti. Kwa kuisoma ikisiri moja tu, yeye na wenzake waliacha tiba iliyokuwa ikifanya kazi na kushika nyingine yenye nguvu ndogo zaidi. Makala kamili ingewaonyesha kwamba washiriki walifuatiliwa kwa muda mfupi, kwamba kundi lililobeba hitimisho lilikuwa dogo, kwamba takwimu hazikuwa kamili, na kwamba huenda matokeo yale hayakuifaa nchi yao. Wewe unayejiandaa kutuma ikisiri yako kwenye kongamano la sayansi ya kitabibu na ya uvushaji, yaani ile inayovusha ugunduzi kutoka maabara hadi wodini na kutoka wodini hadi kwenye sera na kaya, nakuomba umweke daktari huyo mbele yako tangu neno la kwanza. Shauri langu lote linatokana naye: andika kwa ajili ya mtu ambaye hatasoma kitu kingine chochote kuhusu utafiti wako, na ambaye anaweza kubadilisha matibabu ya watu kwa sababu ya ulichoandika.

Wengi hawaandiki hivyo. Huiona ikisiri kama ombi la kuingia ukumbini, maneno 250 au 300 ya kumvutia mpitiaji, huku ukweli wenye vipengele vyake ukingoja siku ya wasilisho au siku ya kuchapisha makala. Takwimu zinaonyesha kwamba siku hiyo ya pili mara nyingi haifiki. Mapitio ya Cochrane yaliyotolewa mwaka 2018 yalikusanya ripoti 425 zilizofuatilia ikisiri 307,028 za makongamano ya tiba na afya, yakakuta kwamba ni asilimia 37.3 tu zilizoishia kuwa makala kamili. Hata kwa majaribio yaliyogawa washiriki kwa nasibu, ambayo ndiyo yenye gharama na uzito mkubwa kuliko yote, kiwango kilikuwa karibu asilimia 60. Hii ina maana kwamba kwa tafiti nyingi ikisiri ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki hadharani. Mwanafunzi atakayetafuta ushahidi miaka kumi ijayo, au mtaalamu atakayekusanya tafiti zote kuhusu dawa fulani, atakuta aya zako chache na hakuna pa kwenda kuhakiki.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuandika, na hatua ya kwanza ni kulisoma tangazo la kuitisha ikisiri kuanzia juu hadi chini. Angalia kikomo kinahesabiwa kwa maneno au kwa herufi, iwapo kichwa na majina ya waandishi vinaingia katika hesabu, iwapo jedwali linaruhusiwa, iwapo kazi iliyokwisha kuwasilishwa kwingine inakubalika, na tarehe ya mwisho inafuata saa za nchi gani. Chagua kundi la mada kwa uangalifu, kwa sababu ndilo linaloamua nani atakupitia: kazi ya kupima namna zahanati zinavyotumia kipimo kipya cha malaria ikipelekwa kwenye kundi la biolojia ya vimelea, itasomwa na mtu asiyejua aulize nini kuihusu. Hayo ni rahisi. Ruhusa ndizo zinazochelewesha watu. Kila mwandishi mwenza anapaswa kuisoma ikisiri na kuikubali kabla haijatumwa, na hilo halifanyiki usiku mmoja wakati mtafiti mkuu yuko safarini na mtaalamu wa takwimu yuko bara jingine. Cheti cha maadili nacho kina masharti ambayo wengi huyasoma mara moja tu, siku ya kukipokea. Nchini Tanzania, kwa mfano, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, huweka sharti la kupata kibali chake kabla ya matokeo kuchapishwa, na ikisiri nyingi za makongamano huchapishwa. Rudi kwenye cheti chako na uulize mapema. Wiki nne kabla ya tarehe ya mwisho si nyingi kwa shughuli hii.

Ukianza kuandika, anza na matokeo. Utangulizi unaandikika kwa urahisi mno, ndiyo maana unameza nusu ya nafasi kabla mtu hajagundua. Mfano mzuri wa kujifunzia upo hapa kwetu. Jaribio la FEAST lilifanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, miongoni mwao Kilifi, Mbale na Teule ya Muheza, na matokeo yake yakatoka katika New England Journal of Medicine mwaka 2011. Watafiti walitaka kujua kama watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu wananufaika wakiongezewa maji mengi ya mshipa kwa haraka mara wanapolazwa, kama ilivyozoeleka katika nchi tajiri. Ikisiri ya makala hiyo ni ya jarida, si ya kongamano, lakini jinsi ilivyopanga matokeo inafaa kuigwa kokote. Inakupa idadi kwa kila kundi: kufikia saa 48 walikuwa wamefariki watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini, 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakuongezewa maji kwa haraka. Kisha inatoa asilimia, 10.6, 10.5 na 7.3, halafu hatari linganishi ya 1.45 kati ya waliopewa maji kwa haraka na wasiopewa, pamoja na mipaka yake ya uhakika, 1.13 hadi 1.86.

Tazama msomaji anaweza kufanya nini na namba hizo bila kumwomba mtu yeyote makala kamili. Anaweza kutoa mwenyewe asilimia moja katika nyingine na kuona kwamba katika kila watoto 1,000 waliopewa maji kwa haraka kulikuwa na takribani vifo 33 vya ziada. Anaweza kuangalia mipaka na kutambua kwamba hata makadirio ya chini kabisa yanaelekea kwenye madhara. Sasa fikiri kama ikisiri ingesema tu kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi kwa kiwango cha kitakwimu, p = 0.003. Sentensi hiyo ni ya kweli, na daktari wa wilaya hawezi kuitumia kwa lolote. Thamani ya p peke yake haisemi ni watoto wangapi. Basi kanuni yangu ni hii: kwa kila matokeo makuu weka idadi na jumla kwa kila kundi, weka tofauti kati ya makundi, weka mipaka ya uhakika, na kama nafasi imebaki ndipo uweke p. Mwongozo wa CONSORT wa ikisiri za majaribio ya nasibu, uliotolewa mwaka 2008 kwa ajili ya majarida na makongamano pia, unataka mambo yayo hayo, na unaongeza mengine ambayo watu husahau: madhara yaliyoonekana, namba ya usajili wa jaribio, na nani aliyelipia.

Ikisiri ya FEAST ina jambo jingine ambalo naliona la thamani zaidi ya takwimu zake. Inasema wazi kwamba watoto wenye utapiamlo na wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuhusishwa. Ni maneno machache mno, lakini yanaweza kuokoa maisha, kwa kuwa mganga atakayesoma kwamba maji ya haraka yana madhara anaweza kumnyima maji mtoto aliyekauka kwa kuharisha, ambaye utafiti haukumzungumzia kabisa. Katika utafiti wa uvushaji swali la nani alikuwemo na nani hakuwemo lina uzito kuliko mahali pengine popote, maana matokeo yanahamishwa kutoka kundi moja la watu kwenda jingine. Katika sehemu ya mbinu, kabla hujaeleza mashine ya maabara au programu ya takwimu uliyotumia, eleza washiriki walipatikana wapi, lini, kwa vigezo gani, na nani waliachwa nje. Toleo la programu halimsaidii msomaji wa ikisiri; kujua kwamba wagonjwa wako wote walitoka hospitali ya rufaa moja kunamsaidia.

Kwenye hitimisho ndiko majaribu yaliko. Mwaka 2010 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa ripoti 72 za majaribio ya nasibu ambayo kipimo chake kikuu hakikuonyesha tofauti ya kitakwimu. Katika ripoti 42 kati ya hizo, zaidi ya nusu, hitimisho la ikisiri lilikuwa limepambwa: waandishi walihamia kwenye kundi dogo lililoonyesha nafuu, au walilinganisha wagonjwa kabla na baada badala ya kundi na kundi, au walisema tiba mbili ziko sawa ilhali utafiti haukuundwa kupima usawa. Na mapambo hayo yanafanya kazi. Mwaka 2014 kikundi hichohicho cha watafiti kiliwagawa kwa nasibu matabibu 300, wengine wakasoma ikisiri za majaribio ya saratani zikiwa na mapambo yake, wengine wakasoma ikisiri zilezile baada ya kuondolewa mapambo. Namba zilikuwa hazijabadilika. Hata hivyo waliosoma zilizopambwa waliona tiba ina manufaa zaidi. Hawa walikuwa watu wa fani, wenye mafunzo, wenye namba mbele ya macho yao. Ni kosa kudhani kwamba msomaji mwerevu atajisahihishia mwenyewe.

Kipimo ninachopendekeza ni cha dakika tano. Funika sehemu zote za ikisiri yako isipokuwa matokeo, kisha mpe mwenzako ambaye hakushiriki katika utafiti na umwombe aandike hitimisho. Linganisha lake na lako. Kama la kwako limezidi, lina neno ambalo takwimu zako haziwezi kulibeba, na mara nyingi neno hilo ni kitenzi: husababisha, huzuia, huboresha. Utafiti uliowatazama watu bila kuwagawa kwa nasibu unaweza kusema vitu viwili vilionekana pamoja. Hauwezi kusema kimoja kilileta kingine.

Hapa kuna pingamizi la haki, na halifai kupuuzwa. Mtafiti kijana atauliza: je, wapitiaji hawapendi matokeo mazuri? Nikiandika kwamba tiba yetu haikusaidia, au kwamba sampuli ilikuwa ndogo, si nitakuwa nimejifungia mlango mwenyewe? Ni kweli kwamba upendeleo upo. Mapitio yale ya Cochrane yalionyesha kwamba ikisiri zenye matokeo chanya zina nafasi kubwa zaidi ya kufika kwenye uchapishaji. Lakini tazama mapambo yanasaidia nini. Mpitiaji aliyezoea kazi yake ana ikisiri nyingi za kusoma na dakika chache kwa kila moja, na analotafuta kwanza ni kama hitimisho linafuata matokeo. Zikipishana, anakuwa amepata sababu nyepesi ya kuiweka pembeni. Matokeo yasiyopendeza yenye swali muhimu na mbinu safi yana mahali pake, na FEAST ni ushahidi, kwani ilipata matokeo kinyume na matarajio ya wengi, ikasimamishwa mapema kwa ushauri wa kamati ya usalama, na ikawa miongoni mwa tafiti zilizojadiliwa sana katika tiba ya watoto. Lililoifikisha huko ni swali lenye maana na idadi ya watoto 3,141. Kama utafiti wako ni mdogo, sema ni wa awali na uonyeshe umefundisha nini kwa ajili ya ule mkubwa. Kuna makundi ya mada yaliyowekwa kwa kazi za namna hiyo.

Pingamizi la pili ni la nafasi: maneno 300 hayatoshi kutaja mapungufu. Yanatosha. Nafasi huliwa na sentensi za utangulizi zinazoeleza kwamba malaria ni tatizo kubwa barani Afrika, jambo ambalo hakuna mpitiaji wa kongamano la tiba asiyelijua. Utangulizi unahitaji sentensi mbili: moja ya kisichojulikana, nyingine ya mlichotaka kupima. Ondoa pia ile sentensi ya mwisho inayosema utafiti zaidi unahitajika. Mahali pake weka pungufu moja, lile ambalo lingebadilisha uamuzi wa msomaji kama angelijua, na uliandike kwa namba zake: washiriki 40 kati ya 200 walipotea kabla ya mwezi wa sita, kwa mfano, ni taarifa; kusema ufuatiliaji ulikuwa na changamoto si taarifa.

La tatu ni gumu zaidi, nalo ni la muda. Tarehe ya mwisho hutangulia kongamano kwa miezi kadhaa, na takwimu nyingi wakati huo bado zinasafishwa. Makongamano hayafanani katika hili. Association for Clinical and Translational Science ya Marekani, ambayo ikisiri za kongamano lake la mwaka huchapishwa katika toleo la nyongeza la Journal of Clinical and Translational Science, hutumia vichwa vinne: malengo, mbinu na washiriki, matokeo au matokeo yanayotarajiwa, na mjadala pamoja na umuhimu wa athari. Kichwa hicho cha tatu kinaruhusu kazi isiyokamilika, nami naona ni ruhusa ya busara, hasa kwa wanafunzi. Lakini iheshimu. Kilichokwisha kupimwa kiandike kwa wakati uliopita, pamoja na idadi ya washiriki waliochambuliwa hadi siku ya kutuma. Kinachotarajiwa kiandike kwa wakati ujao na ueleze matarajio yanatokana na nini. Usivichanganye katika sentensi moja, kwa maana msomaji wa baadaye hatajua ni kipi kilitokea. Na pale ambapo kongamano halina kichwa cha namna hiyo, usiandike kwamba matokeo yatajadiliwa ukumbini. Subiri awamu ya ikisiri za dakika za mwisho kama ipo, au tuma mwaka ujao.

Lugha nayo. Makongamano mengi ya fani hii, yakiwemo yanayofanyika Dar es Salaam na Nairobi, hutaka ikisiri kwa Kiingereza, na watafiti wetu hupoteza nguvu nyingi wakitafuta maneno makubwa. Kabla ya kugusa Kiingereza, ieleze kazi yako kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unavyomweleza mganga mfawidhi wa kituo mlikochukua sampuli: mlitaka kujua nini, mlimpima nani, mkakuta nini, yeye afanye nini tofauti. Ukikwama mahali, hapo ndipo hoja yako haijakaa sawa, na hakuna msamiati utakaopaficha. Kichwa cha ikisiri kitokane na maelezo hayohayo. Kitaje aina ya utafiti, watu na mahali, kisiwe swali wala tangazo la ushindi. Ukitumia programu ya akili bandia kunyoosha lugha, soma kwanza masharti ya kongamano kuhusu kuitaja, kisha ukague kila namba iliyorudi. Wewe na waandishi wenza ndio mnaowajibika.

Ukaguzi wa namba usiachwe kwa imani hata kama hakuna programu iliyogusa maandishi. Mwaka 1999 JAMA ilichapisha uchunguzi wa makala za majarida sita makubwa ya tiba, na katika jarida lililofanya vizuri kuliko yote asilimia 18 ya ikisiri zilikuwa na taarifa zisizolingana na makala yenyewe au zisizoonekana ndani yake kabisa; katika lililofanya vibaya zaidi ilikuwa asilimia 68. Makala hizo zilikuwa zimepita mikononi mwa wahariri wenye uzoefu, na ikisiri ya kongamano haina mhariri. Chapisha jedwali la matokeo, kaa na mwenzako, mmoja asome namba katika ikisiri na mwingine aitafute katika jedwali na kuiwekea alama. Hakikisheni kwamba makundi yakijumlishwa yanatoa jumla iliyotajwa katika mbinu, na kwamba asilimia zinatokana na jumla hiyo, si nyingine.

Bado yapo mambo mawili ya tahadhari kabla hujabonyeza kutuma. Ikiwa kazi yako ina uvumbuzi unaoweza kuombewa hataza, kama kipimo au dawa, zungumza na ofisi ya miliki bunifu ya chuo chako kwanza, kwa kuwa ikisiri ikishatoka hadharani, huko Ulaya uvumbuzi hauhesabiwi tena kuwa mpya. Hofu kwamba ikisiri itakunyima nafasi ya kuchapisha makala, kwa upande mwingine, haina msingi: kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, imeeleza kwamba ikisiri au bango la kongamano halizuii makala kamili kupokelewa, mradi uliseme hilo unapotuma makala. La pili, lichunguze kongamano lenyewe. Barua pepe ya kukusifu kwa kazi usiyoifanya, mada za tiba zilizochanganywa na za uhandisi na utalii, na jibu la kukubaliwa siku moja baada ya kutuma, pamoja na ankara, ni dalili za biashara. Waulize wakubwa wako kazini kama kuna anayelijua na aliyewahi kuhudhuria.

Ukikubaliwa, jibu ndani ya muda uliopewa, omba ufadhili wa safari siku hiyohiyo kwa kuwa fungu hilo huisha mapema, na kama kongamano liko ng'ambo anza habari za viza bila kungoja ratiba kamili. Kisha rudi kwenye takwimu. Kati ya kutuma na kusimama mbele ya bango, uchambuzi utakuwa umeendelea, na baadhi ya namba zitabadilika. Weka kwenye bango namba mpya pamoja na zile za ikisiri, na uandike sababu ya tofauti: washiriki walioongezeka, kosa lililorekebishwa, fomu zilizochelewa kutoka vituoni. Kama mabadiliko yamegeuza hitimisho, waandikie waandaaji mara moja kuomba marekebisho au kuiondoa ikisiri kabla toleo la nyongeza halijachapishwa. Na kabla ya kuondoka nyumbani kaa na waandishi wenza, mgawane sehemu za makala kamili na kupanga tarehe ya rasimu ya kwanza, ili maswali utakayoulizwa mbele ya bango yaingie moja kwa moja katika rasimu hiyo.